Karte ya Riziki na umeme wa Mulongwe

Vijana, niseme moja kabla ya yote: katika kazi yangu hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Hakuna hata kimoja. Nimefungua redio nikakuta nyoka amejikunja juu ya transfo, anaota joto. Nimefungua televisheni ya mchungaji mmoja nikakuta dola zimefungwa ndani ya kitambaa, nikaifunga tena bila kupumua, na siku ile mchungaji hakubishana nami bei. Mtu mmoja wa Rugenge aliniletea kompyuta inayodondosha maji. Nikamuuliza, mvua imeingia nyumbani? Akasema hapana, fundi, ilikuwa inachemka sana, nikaimwagia kidogo ipoe.

Kwa hiyo musinitazame na macho ya huruma kwa sababu nimefunga atelye, karakana yangu. Macho ndiyo yaliyochoka, moshi wa soudure, wa kulehemu waya, umeyala. Kichwa kiko sawa. Minye Kashindi niliacha masomo mwaka wa tatu wa primaire, siku waliporudisha nyumbani watoto wasiolipa minerval, karo ya shule, na sikurudi tena. Lakini muulize mtu yeyote, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, nani alikuwa anafufua mashine. Watakutajia jina langu hata wale ninaowadai.

Aliyenitia mu kazi hii ni Mzee Bujiriri, fundi wa redio, marehemu. Hakuwa na kipimo hata kimoja. Alikuwa na pua. "Nusa, Kashindi," alikuwa ananiambia, "hiyo mashine inasema, weye hausikie." Resisteri iliyoungua inanuka kama nywele zilizoingia mu moto. Kondensateri iliyopasuka inanuka kama samaki. Hapo ndipo wanafunzi wake wote walikuwa wanaanguka, kwa sababu hapa kwetu ni kitu gani hakinuki samaki? Nilikaa siku nzima na redio ya mama mmoja wa sokoni, nabadilisha kondensateri moja baada ya nyingine, harufu haiishi. Mzee akaja, akaipindua, akaigonga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Ndagala tatu zikaanguka mezani. Akazikusanya, akasema tumepata mboga.

Sasa ninyi munataka nieleze habari ya karte, kwa sababu kila juma mmoja wenu ananipigia: fundi, nina kompyuta ya zamani, nataka kuiwekea carte graphique ya nguvu, ile kadi ya kuchora picha, nifanye nini? Nitawaeleza. Lakini nitaeleza kwa ile niliyomwekea muke wangu Riziki, kwa sababu ndiyo niliyoijua mpaka mifupa.

Riziki alikuwa na studio mlango wa pili baada ya atelye yangu, pale Mulongwe, upande mto unapopita ukikasirika. Alikuwa anapiga video za ndoa. Hakuna ndoa iliyofungwa mu kartie ile, mtaa wote, bila Riziki kupanda juu ya kiti na kamera, anamfokea baba wa bwana harusi ajisogeze. Mashine yake ya kuunganisha picha ilikuwa mojawapo ya zile zinazotoka Ulaya zimeundwa tayari kiwandani. Ofisi za kule zinazitupa, watu wetu wanazipakia mu konteneri mpaka Dar, treni mpaka Kigoma, meli mpaka Kalundu. Zikifika zimeshaona dunia kuliko sisi.

Ilikuwa mashine nzuri lakini imezeeka. Ndoa moja iliyopigwa Jumamosi, kuitoa mpaka iwe video kamili, ilikuwa inachukua mpaka Jumatatu. Wateja wakaanza kununa. Na kaka yake, Deo, mwenye taksi Bujumbura, alikuwa anampigia kila mara: kuna studio hapa ya rafiki yangu, mashine mpya, umeme haukatiki, njoo ufanye kazi kama mutu.

Jioni moja aliniambia akipepeta mchele, bila hata kuniangalia.

"Kashindi, mwezi ujao ninavuka. Nitajaribu kule kwa Deo."

"Utarudi lini?"

"Hiyo mashine ikijifunza kukimbia."

Riziki hakuwa mwanamke wa kutisha bure. Nikajua nina mwezi mmoja.

Basi musikie vizuri. Mashine ya kiwandani ina tabia yake. Aliyeiunda alipima kila kitu kitoshee siku ile, kesho haikumhusu. Ndani kuna alimentation, lile sanduku la chuma nyuma linalopokea umeme na kuugawia wengine, na limepewa nguvu ya kulisha waliomo tu. Ukileta mgeni anayekula sana, nyumba nzima inalala njaa. Kwa hiyo usichukue karte kwa sababu ina feni tatu na taa za rangi. Chukua ile isiyo na tundu la waya mgongoni, inayokula kutoka mu slot tu, ule mfereji inapochomekwa. Na kabla haujalipa, pima urefu wa ndani. Mimi nilipima na ukili wa mkeka, nikaenda sokoni na ukili wangu mfukoni, na yule muuzaji wa Kalundu akacheka. Mwache acheke. Nimeona watu wamenunua karte, wamefika nyumbani, wamekata sanduku na msumeno.

Ingawa msumeno mimi pia niliutumia. Sanduku la Riziki lilikuwa jembamba, na kile kibati cha mbele ya karte kilikuwa kirefu kuzidi tundu. Nilikikata, nikakilainisha kwa tupa, nikakikunja mu étau, jiliwa la mezani, mpaka kikakaa. Meno ya karte, yale ya rangi ya dhahabu, yasugue kwa gomme, ufutio wa mwanafunzi, pole pole. Usiyafute kwa shati. Vumbi la ndani litoe kwa pampu ya baiskeli, lakini shika feni na kidole isizunguke. Gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa karte. Halafu isukume mpaka usikie "tak" ya kile kifungo cha mwisho wa slot. Kama hausikii tak, hujaiweka. Umeiegemeza tu.

Nikasikia tak. Nikafunga. Nikawasha. Feni zinazunguka, taa inawaka, screen nyeusi kama usiku wa Lemera. Nikatoa, nikaweka. Nyeusi. Nikatoa pile, betri ndogo ya saa iliyo ndani, nikangoja, nikairudisha. Nyeusi. Mchana wote ulipita. Nilimlaani muuzaji, nikamlaani aliyeiunda, nikaanza kushuku waya za jirani.

Riziki aliingia na chai.

"Hii kamba ya screen, umeichomeka wapi?"

"Pale pale ya kila siku."

"Na karte mpya iko pale pale ya kila siku?"

Alizunguka nyuma ya meza, akatoa kamba mu tundu la zamani, akaichomeka kwenye karte. Picha ikatoka. Akaniwekea chai, akasema, "Kunywa, fundi mkubwa." Ninyi mtacheka, lakini kila mmoja wenu atafanya kosa lile, na wengi wenu hamna Riziki.

Ndoa ya kwanza tuliyoitoa na karte ile ilimalizika kabla bugali haijaiva. Riziki alikuwa na mwiko mkononi, akaja kuangalia, akarudi jikoni, akaja tena. Hakusema chochote kuhusu Bujumbura. Mwezi uliofuata ukapita, na yeye bado yuko. Mimi nikatembea Mulongwe nzima kama mtu aliyejenga daraja.

Sasa tufike kwa umeme.

Umeme wetu unatoka bwawa la Ruzizi, na ukifika Mulongwe umeshachoka. Wakati ule ulikuwa umechoka kupita kiasi, na sababu ni vita. Makala yetu, makaa ya kupikia, yalikuwa yanashuka kutoka milimani, njia za Lemera na kwingine. Vita vilipokaa kule juu, makala yakaacha kushuka, na gunia moja likawa na bei ya mbuzi. Kila nyumba ikanunua resho, yale majiko ya umeme yenye waya mwekundu. Ikifika jioni, Mulongwe yote inapika kwa pamoja: bugali, sombe, maharagi, maji ya kuoga ya watoto. Mu atelye nilikuwa nimetundika voltmètre, kipimo cha umeme chenye sindano, niliyoitoa kwenye stabilisateur iliyokufa, kile kisanduku cha kutuliza umeme. Mchana sindano yake inakaa volti mia mbili. Saa kumi na mbili jioni inateremka mpaka mia moja thelathini, na ampoule, balbu zetu, zinakuwa nyekundu kama macho ya mlevi. Stabilisateur zenyewe zilikuwa zinaona aibu, zinajizima.

Zamani mashine ya Riziki ilikuwa inavumilia. Baada ya karte, ikifika jioni na kazi ikiwa nzito, inajizima na kujiwasha, inajizima na kujiwasha. Ndiyo gharama ya mgeni mezani. Nikafanya kile ambacho kila fundi wa Mulongwe alikuwa anafanya. Nyuma ya alimentation za zamani kuna kibatani chekundu: upande mmoja kimeandikwa 230, upande mwingine 115. Hii 115 ni ya nchi za mbali zenye umeme mdogo. Lakini sisi jioni tulikuwa na umeme mdogo kuliko nani? Tukifika saa za kupika, tunasukuma kibatani kwenda 115, na mashine inakula hiyo mia moja thelathini kwa furaha. Asubuhi, resho zikizimwa, unarudisha. Usiporudisha, umeme mkubwa unaikuta imefungua mdomo wote, inapasuka. Riziki ndiye alikuwa anarudisha kila asubuhi, kwa ncha ya kijiko, kabla ya kupiga mswaki.

Vitabu vyenu vitasema hiyo ni ujinga. Sawa. Lakini vitabu vyenu havikuishi Mulongwe.

Siku vita vilipoteremka mpaka mjini, ilikuwa mchana. Milio ya bunduki ilianza upande wa plaine, kule tambarare, mbali, kama mtu anayepiga mlango wa bati. Halafu karibu. Barabara ikajaa watu wanaoelekea Kavimvira, kwenye mpaka: magodoro, masufuria, mbuzi. Jirani yetu Mama Sifa, muuza ndagala, alisimama mlangoni na beseni lake kichwani.

"Baba, munangoja nini? Munataka kupewa mwaliko?"

Riziki alikuwa amekwisha kufunga nguo. Mashine ilikuwa inatoa ndoa ya watu wa kartie yetu, imefika nusu.

"Toa karte, tuende," aliniambia. "Iko ndogo. Nitaifunga mu kitenge."

"Imefika nusu, Riziki. Watu walilipa. Ikimaliza nakufuata."

"Milio hiyo hauisikie?"

"Naisikia. Nimeisikia tangu nikiwa kijana. Inapita."

Akaniangalia. "Kashindi. Minye nakwambia twende, weye unaniambia ngoja mashine imalize?"

"Saa moja tu."

Alichukua mzigo wake, akashika njia na Mama Sifa. Nilimwona mpaka kwenye kona, kwa sababu beseni la Mama Sifa lilikuwa juu kuliko vichwa vyote.

Nikabaki na ndoa. Jua likaanza kushuka, milio ikapungua, na saa za kupika zikakaribia. Nikasukuma kibatani kwenda 115, kama kila jioni. Nikaketi. Kazi imefika asilimia tisini. Ndipo nikaona mwanga unabadilika mezani. Nikainua macho kwa ampoule. Ilikuwa nyeupe. Vijana, niliishi Mulongwe miaka na miaka, na sikuwahi kuona ampoule nyeupe saa kumi na mbili jioni. Nikatoka mlangoni niangalie kama ni yangu tu. Ampoule za kartie yote, zile zilizoachwa zikiwaka, zilikuwa nyeupe kama maziwa. Barabara tupu. Hakuna moshi, hakuna mtoto anayelia, hakuna sahani. Mbwa mmoja amesimama katikati ya njia, hajui aende kwa nani.

Umeme ulikuwa umepona. Ulikuwa umepona kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuutumia.

Kabla sijageuka, nyuma yangu ikalia: PAA! Alimentation ilipasuka, moshi ukajaa mlango mzima. Nikalala chini palepale kwenye vumbi. Na mara nikasikia buti zinakimbia, sauti inafoka kutoka kona:

"Nani amepiga? Toka! Mikono juu!"

"Mashine, chef! Mashine ya ndoa!"

"Ndoa gani inayopiga namna hii?"

"Zote, chef," nikamjibu, sijui nilitoa wapi maneno hayo. Yule askari alichungulia ndani, akaona moshi, akaona picha za maharusi ukutani, akaanza kucheka mpaka mwenzake akaja kuuliza kuna nini. Waliniacha. Lakini walichukua redio mbili za wateja.

Wengine husema Kashindi alisahau kibatani. Sikusahau. Saa kumi na mbili ya Mulongwe, kibatani kinakaa 115, hiyo ni sheria. Mimi nilikuwepo na kibatani kilikuwepo. Mulongwe ndiyo haikuwepo.

Usiku ule nilifungua mashine. Alimentation imekufa, haina dawa. Lakini karte niliitoa, nikainusa mbele na nyuma, kama Mzee alivyonifunza. Hainuki chochote. Diski inayotunza video nayo nzima. Ndiyo niwaambie ninyi mnaolia alimentation ikipasuka: usitupe vyote. Aliyekufa ni mmoja, wengine wameshtuka tu.

Mpaka ulipofunguliwa vizuri, nilifunga karte mu soksi ya sufu, diski mu nyingine, nikavuka kwenda Bujumbura. Nilijiona bwana harusi. Nilifikiri nitaweka karte mezani, Riziki atacheka, tutarudi naye kesho yake.

Deo alinipokea sebuleni, shemeji kwa shemeji, akanipa soda, akauliza habari za mjini. Halafu akasafisha koo.

"Shemeji, kuna neno. Dada yangu alikuambia twende, na risasi zinalia. Ukamwambia ngoja mashine imalize. Alifika hapa na mama wa ndagala, bila bwana. Kwetu hiyo iko na faini."

"Faini? Minye nilibaki kulinda kazi yake!"

"Ulibaki na mashine. Muke ulimwacha aende na jirani. Faini ni ile ya siku zote, unaijua. Ukilipa, unamchukua."

Nilisimama. Mimi niliyejijenga kwa mikono hii miwili, nilipe faini kwa kutokimbia? Nikamwambia Deo kwamba sikuzaliwa jana. Akasema sawa, soda maliza.

Riziki hakuingilia. Alichukua karte na diski, akatupeleka studio alipokuwa anafanya kazi, kwa rafiki wa Deo. Akafungua mashine moja ya pale, akasugua meno ya karte kwa gomme, akaisukuma mpaka tak, akachomeka kamba ya screen mahali pake bila kuniangalia. Akaanzisha ile ndoa iliyokatika. Ikatoka yote.

Tukaiangalia. Na hapo, vijana, ndipo kazi yangu yote ilinigeuka. Kwa sababu ilikuwa Mulongwe. Walikuwemo wote. Mama Sifa anacheza na chupa ya bia mkononi. Yule mwenye duka la mafuta, aliyekuwa hacheki, anacheka. Watoto wamepanda ukuta. Wazee wanagombania viti. Na juu yao wote mwanga ule mwekundu, mwanga wa mia moja thelathini, nyuso zote za rangi ya shaba.

Fundi ni fundi. Nikasema, "Rangi imekuwa nyekundu mno. Na karte hii unaweza kuisahihisha, uso unakuwa mweupe vizuri."

"Siigusi," Riziki akasema.

"Wateja watasema ni mbaya."

"Waseme. Siigusi." Akasimamisha picha pale pale, kwa watoto wa ukutani. "Kashindi, sindano iko ngapi sasa, saa kumi na mbili?"

"Mia mbili ishirini," nikasema kwa majivuno, kama vile ni mimi niliyeupandisha. "Umeme safi kuliko hapa Bujumbura. Utafanya kazi usiku na mchana."

"Nitapiga ndoa ya nani?"

Nikawatazama wale watoto wa ukutani.

"Ikishuka," akasema, "nipigie. Minye siwezi kukaa mahali pa mia mbili ishirini."

Nikarudi peke yangu, bila karte.

Nilinunua alimentation nyingine, nikauza hii, nikatengeneza ile, lakini kila jioni nilikuwa naketi chini ya voltmètre. Vijana, mmewahi kumwona fundi wa umeme anaomba umeme uharibike? Wale wateja wachache waliobaki walikuwa wananisifia: fundi, sasa hivi umeme mzuri sana! Nilitaka kuwatupa nje. Ampoule nyeupe ilinichosha macho kuliko soudure. Nilizima, nikawa nakaa na kandili.

Halafu nikapata akili, au kile nilichokiita akili. Nyumba zilizoachwa zilikuwa zimeniachia resho za kutengeneza, nilikuwa nazo kama dazeni. Jioni moja nikazitandaza chini, nikaziwasha zote. Sindano ikatetemeka, ikashuka, mia moja tisini, mia moja sabini. Waya za ukuta zikaanza kunuka nywele. Nikampigia.

"Riziki! Imeshuka! Mia moja sabini!"

Nilisikia taksi za Bujumbura nyuma yake.

"Kashindi."

"Naam."

"Resho ngapi?"

"Resho gani?"

"Uko unahema kama mtu aliyesimama karibu na tanuru. Umewasha resho ngapi?"

"...Kumi na moja."

"Zizime kabla haujachoma nyumba. Na unywe maji." Akakata simu. Lakini nadhani nilimsikia anacheka.

Basi ikabidi wangojewe watu wenyewe. Walirudi mmoja mmoja. Kwanza yule mwenye duka la mafuta, na uso wake wa kununa. Nilimkumbatia barabarani, akashangaa. Kila aliyerudi nilimtengenezea resho bure. Nilienda mlango kwa mlango, hodi, resho yako inawaka? Walidhani nimeokoka. Sindano ikashuka mia mbili kumi. Mvua zikaja, mto ukaingia nyumba za chini, watu wakahama, sindano ikapanda tena kidogo. Ikashuka mia mbili. Jioni ya kwanza niliyonusa sombe kutoka nyua mbili tofauti, nilisimama nje mpaka ikaiva, kana kwamba wataniita kula. Mia moja tisini na tano. Mia moja tisini. Mia moja themanini.

Ikasimama hapo.

Nilingoja. Nikagonga kioo kwa kidole, labda sindano imenata. Haikunata. Mia moja themanini, jioni baada ya jioni, mvua hata kiangazi. Mlango wa Mama Sifa ulibaki na kufuli. Alipata mahali kule ng'ambo, akaanza tena na beseni lake. Wale watoto wa ukutani sijui walifika wapi. Zile volti hamsini, kati ya mia moja themanini na mia moja thelathini, ndio watu ambao hawakurudi, na sikupata wa kumwuliza habari zao. Mpaka leo nikifunga macho ninaona ile nyekundu. Ninyi mnapenda umeme wenu mweupe. Endeleeni. Mimi ningetoa mashine zote nilizofufua nipate jioni moja tena ya ampoule ya mlevi, Mulongwe yote inapika, na mashine inajizima na kujiwasha.

Nikampigia.

"Mia moja themanini, Riziki. Sikuwasha kitu. Hata redio nimezima."

"Imesimama?"

"Imesimama."

"Na zingine?"

"Zingine sidhani zinarudi."

Taksi moja ikapiga honi nyuma yake, nami nikaendelea kutazama sindano.

"Basi nitakaa na hizo zilizopo," akasema. "Lakini Deo hajasahau. Njoo unichukue kama mutu."

Nilivuka kesho yake. Deo alikuwa ameketi na wazee wawili wa ukoo, na soda. Karte ilikuwa juu ya meza, imefungwa mu kitenge, tayari kwa safari. Riziki amesimama mlangoni na mzigo wake, anaangalia nje kama vile hayamhusu. Walinisomea: mbuzi mmoja, kreti mbili za bia, kitenge cha mama mkwe, na kitu kidogo cha kufungua mdomo wa wazee. Sikusema kwamba nimekosa. Sikusema pia kwamba sijakosa. Nilitoa pesa mu soksi, nikazihesabu mbele yao noti kwa noti, na Deo akazihesabu tena: dola mia moja thelathini na nne.